Kwa nini adui wa kwenye gemu anabaki kichwani kuliko wa kwenye komiki? Naanza na Otto

pedi_moja (mtoa mada)

Habari za usiku wakuu. Juzi nimemaliza tena gemu ya Spider-Man ya studio ya Insomniac, ile ya 2018, mara ya pili hii, na kama ile ya kwanza nimekaa na pedi mkononi majina yanapita kwenye skrini nashindwa hata kunyanyuka. Kifo cha Shangazi May aliyemlea Peter (ndo Spider-Man mwenyewe) kinauma sana, sibishi, ila kilichonikalisha pale ni Otto.

Kwa wasiomjua, Otto Octavius, ndo Doctor Octopus, kwenye komiki yupo tangu 1963 na kule ana majivuno toka siku ya kwanza, anajiona ana akili kuliko dunia nzima, ajali ya mionzi inamgandisha ile mikono ya chuma mwilini na kuanzia hapo ni adui basi. Unamsoma unajua huyu wa kupigwa. Kwenye gemu wamemleta kwa mlango mwingine kabisa. Peter ni msaidizi wake maabara, na anayeenda kazini pale ni wewe mchezaji, unaingia unakuta mzee ameshaanza, unaunganisha saketi, unapima vifaa, anakusifia, anakutania kidogo, mnatengeneza mikono ya bandia kwa ajili ya watu waliokatwa viungo. Norman Osborn ambaye ndo meya, na zamani walianzisha kampuni ya Oscorp pamoja, anamkatia hela za utafiti ila mzee kesho yake yupo kazini tena. Halafu taratibu unakuja kugundua ana ugonjwa wa neva, mwili unamwacha akili ikiwa nzima, na ile mikono kumbe anaihitaji yeye.

Hapa niseme kitu changu. Mjomba wangu alikuwa fundi cherehani, anashona suti, na mi likizo zote nilikuwa nashinda kwenye kibaraza chake. Mikono ilianza kumtetemeka kidogo kidogo. Mwanzoni alikuwa ananiita tu nimtungie uzi kwenye sindano, anasema macho yamechoka. Siku moja alikuwa anajaribu mwenyewe, analamba uzi, anaupeleka kwenye tundu, unapita pembeni, analamba tena, mara saba nane hivi, mi namwangalia naogopa kumwambia lete. Mwisho akalipiga lile kopo la vifungo vikamwagika vyote chini halafu akanigombeza mimi kwamba nimekaa njiani. Hakuwahi kunigombeza kabla ya hapo. Sasa Otto anapoanza kubadilika, Peter anamwambia hicho kifaa cha shingoni kinachounganisha ubongo na mikono kinakuharibu tabia, na mzee anamkatisha anaendelea na kazi, ile sura mi naijua.

Swali langu ni hili. Hiyo ni stori nzuri tu ambayo hata komiki au muvi ingeweza kutupa, au gemu ina kitu chake? Na ukimfanya adui awe mtu wa kuhurumiwa humharibu? Leteni mifano, adui gani, gemu gani, na tabia gani mliihisi kabisa.

Kisauni_mwisho

Pole ya mjomba ndugu yangu. Ila mimi naona stori ni nusu tu, nusu ya pili ni vile wapigana naye.

Nakupa mfano mmoja, Mr. Freeze wa Batman: Arkham City, 2011. Huyu Victor Fries ni mwanasayansi, sawa? Basi wamempigisha kisayansi. Wamvizia kwa nyuma wampiga, vizuri, ukitaka kurudia haiwezekani tena ashaulinda mgongo. Wamtokea kutoka chini ya sakafu, wampata, kisha zile nafasi za chini azigandisha barafu zote. Warukia kutoka juu kwenye zile sanamu, mara ya pili sanamu zishashika barafu huna pa kuning'inia. Kila mbinu ni ya mara moja tu, kwa sababu ajifunza. Wallahi nakumbuka nimejibanza nyuma ya ukuta pedi imelowa jasho, yeye apita na zile hatua zake nzito, mimi nahesabu kwa vidole ipi nishatumia na ipi bado. Hapo hakuna mtu aliyeniambia huyu bwana ana akili na subira, niliijua kwa shida niliyoipata.

Na wakati huo huo hana chuki na wewe hata kidogo. Wewe Batman una sumu ya Joker mwilini, yeye ashatengeneza dawa unayoitaka, chupa mbili, moja aivunja mbele ya macho ya Batman, nyengine aifungia kwenye sefu, asema niletee mke wangu kwanza. Huyo Nora yuko ndani ya barafu mgonjwa na watu wa Joker wamemchukua. Sasa mtu kama huyo wampiga vipi kwa roho safi? Mimi nilipomaliza ile vita nilienda kumtafuta Nora mbio mbio, kazi ambayo gemu haikulazimishi.

Na mwanzo hakuwa hivyo. Kwenye komiki alitoka 1959 kwa jina la Mr. Zero, mwizi tu mwenye bunduki ya barafu. Habari ya mke ililetwa na katuni ya TV ya 1992, komiki zikaichukua, gemu nazo zikaichukua. Kwa hiyo tusiitukuze sana komiki kana kwamba kila kitu kimetoka huko.

Mwajuma_PS4

Kisauni umeongea kaka angu. Na mimi naleta Riddler, yule adui wa Batman wa vitendawili, maana naona watu wanamchukulia kama mtu wa kupoteza muda tu, eti makombe ya kuokota.

Kwetu sisi vitendawili vina adabu yake. Natega, unasema tega, ukishindwa unanipa mji, ukijua nakubali tunaendelea, hakuna mtu ananuna. Bibi yangu alikuwa ukitegua chake anapiga makofi mwenyewe kwa furaha. Riddler yeye hawezi hilo. Arkham Asylum ya 2009 ameweka changamoto 240 kisiwa kizima cha hospitali ya Arkham, mwanzoni unapotegua anacheka, anasema bahati, ukifika katikati sauti inaanza kupanda, ukisogea mbele anakushutumu kwamba unaibia, mpaka anafika kusema utakuwa unaangalia majibu kwenye intaneti. Ukimaliza zote Batman anakuwa ameshajua alipo, unasikia kwenye redio polisi wanavunja mlango na yeye bado anabisha kwamba haiwezekani. Hujawahi hata kumwona uso kwenye gemu nzima! Tabia yake yote umeijua kwa sauti na kwa vitu alivyoficha.

Halafu Arkham City anachukua watu anawafunga kwenye mitego ya kuua, usipotegua mtu anakufa. Nikawa nafikiria lile neno letu, kutega kitendawili na kutega mtego ni neno moja, na kwa Riddler kweli ni kitu kimoja. Arkham Knight ndo wamemalizia kabisa, vitu 243 na usipomaliza hupewi mwisho kamili wa gemu. Mi na mdogo wangu tulikaa likizo nzima ya mwezi wa kumi na mbili tunapokezana pedi, na kuna usiku nilimchukia yule mtu kwa dhati. Komiki haiwezi kukufanya umchukie adui kwa sababu amekupotezea usiku wako wewe. Gemu inaweza.

Ila wa kwangu namba moja ni Scarecrow wa Asylum. Jonathan Crane ni daktari wa saikolojia anayependa kuona watu wakiogopa, hicho ndo kitu chake toka 1941. Sasa pale ndani unatembea kwenye ujia, picha inaanza kukatika katika, sauti inakwama, skrini inachafuka, gemu inaanza upya kutoka mwanzo kabisa, pale Batman anapomleta Joker kwa gari. Ilikuwa usiku, diski nilikuwa nimeazima na mwenyewe alishaniambia ukiikwaruza unalipa. Moyo ulinidunda, nikanyoosha mkono kabisa kuzima, mdogo wangu akanishika akasema dada subiri angalia anayeendesha gari. Nikaangalia, Joker ndo anaendesha na Batman ndo amefungwa nyuma. Halafu Joker anakupiga risasi unaletewa ile skrini ya kushindwa na ushauri kwamba tumia kijiti cha katikati kumkwepa. Pedi haina kijiti cha katikati. Alikuwa Scarecrow muda wote, kamwacha Batman kanifuata mimi sebuleni kwetu. Mpaka leo sijaona adui mwingine ambaye tabia yake imeingia kwenye gemu namna ile.

Kisauni_mwisho

Dada Mwajuma hilo la diski nililisahau! Mimi nilizima kabisa. Nikawasha tena nikarudi pale pale ikafanya vile vile, ndio nikaelewa.

Mzee wa Kurasa

Nimewasoma wote na naheshimu, ila acheni niwe upande mwingine kidogo maana mimi komiki nimezisoma kabla ya wengi wenu kushika pedi.

Swali la pili la mtoa mada hamjaligusa. Ndio, wanaharibiwa, sio wote ila wengi. Siku hizi kila adui lazima awe na kidonda. Otto ana ugonjwa. Martin Li wa gemu hiyo hiyo wazazi wake walikufa mbele yake kwenye jaribio la Oscorp akiwa mtoto. Freeze ana mke. Ukija Spider-Man 2 ya 2023 Kraven ana saratani. Haya, wa mwisho nani, Venom. Venom wa 1988 ni Eddie Brock, mwandishi wa habari aliyeharibu kazi yake mwenyewe kwa habari ya uongo, badala ya kukubali kosa akamtwika lawama zote Spider-Man, na akakutana na kile kiumbe cha anga za mbali kinachomvaa mtu kama nguo, ambacho nacho kimekataliwa na Peter. Wawili waliokataliwa, chuki mbili zikawa mwili mmoja. Hiyo ndiyo tabia yake, chuki ya mtu asiyetaka kujitazama, na watu wa hivyo tunao makazini na kwenye familia. Gemu ikampa Harry Osborn, kijana mwema, mgonjwa, rafiki wa Peter, anayetaka kuiponya dunia. Nilimuonea huruma sawa, lakini Venom sikumuona. Umbo lipo, meno yapo, ulimi upo, chuki haipo.

Huruma ni nzuri lakini ikiwa kwa kila mtu inakuwa kama chumvi ya mwenye haraka, mchuzi wote unakuwa na ladha moja. Kuna wabaya ambao ubaya wao ni kijicho tu, uroho tu, kiburi tu. Otto wa 1963 alikuwa kiburi kitupu na mimi nilimuelewa vizuri sana, nilikuwa na mwalimu wa namna hiyo.

Kraven naye namtoa, kwake nawapa hongera. Ni mwindaji, amechoka kushinda, anajua ugonjwa utamuua kitandani na hataki, anaenda New York kutafuta mnyama atakayemuua kwa haki. Anawatoa wahalifu gerezani ili awawinde, Scorpion akafa mikononi mwake, na anaonekana amekasirika kwamba wanakufa kirahisi. Mwishoni Venom anamng'ata kichwa na ndicho alichokuwa anakitafuta. Pale saratani haijawekwa ili tulie, imewekwa ili impe haraka. Ndio tofauti ninayoisema.

pedi_moja

Mzee shikamoo, na asante kwa kuja. Kwa Eddie Brock nakubali, sina ubishi. Ila kuna kipande hujakisema, lile vazi jeusi, yaani kile kiumbe, Peter anapolivaa. Anakuwa mkali, anamjibu mpenzi wake MJ vibaya, anamdharau Miles, Spider-Man mwenzake, na wakati huo huo mimi nilikuwa napiga watu kwa zile nguvu mpya na NILIKUWA NAFURAHIA. Nikifika kwenye kundi la wawindaji natafuta kabisa kisingizio cha kubonyeza ile shambulio kubwa. Kwa hiyo tabia ya yule kiumbe ilikuwepo ila hawakuiweka kwa Harry, waliiweka kwenye vidole vyangu. Baada ya kulivua nililikumbuka, na hilo lilinisumbua.

Mzee wa Kurasa

Marahaba. Hapo umenishika, sikulifikiria hivyo. Kuna na ile sehemu unamcheza Venom mwenyewe anatoka maabara ya Oscorp anawavuruga walinzi, nayo ni hivyo hivyo. Lakini Eddie wangu bado namdai.

njiwa_wa_posta

Joker hamumtaji kwa nini? Au mmemchoka?

Mi nilimchoka pia, kwenye Arkham Origins ya 2013 walipotuambia Black Mask, bosi wa wahalifu, ndiye aliyeweka dau kichwani kwa Batman usiku wa Krismasi, wauaji wanane, nikasema safi leo tumepata adui mwingine, kumbe ni Joker kajifanya Black Mask. Nilisikitika kweli maana Bane, mmoja wa wale wauaji, mle ndani alikuwa mzuri sana, mtu wa mipango, mtulivu, na stori ikamsukuma pembeni.

Ila Arkham Knight ya 2015 ndo ikanirudisha. Joker ameshakufa tangu City, amekufa kwa ujinga wake mwenyewe, alimchoma Batman kisu begani na chupa ya dawa ikaanguka ikavunjika, na Batman akamwambia pamoja na yote ningekuokoa. Kwenye Knight yupo kama sumu tu kwenye damu ya Batman, anatokea kila kona anaongea, umekaa juu ya jengo yupo pembeni kakaa, unafungua mlango yupo. Na mwishoni kabisa unamcheza yeye, unaona kwa macho yake, una bunduki, uko kwenye giza na sanamu za Batman zinakusogelea. Hapo unajua anaogopa nini. Haogopi kifo. Anaogopa kusahauliwa. Mtu aliyekuwepo tangu 1940 hana jina la kweli, hana historia anayoisimulia sawa mara mbili, anachotaka ni mtu mmoja tu amkumbuke, na huyo mtu anamfungia mlango ndani ya kichwa chake na kuondoka. Risasi zinaisha, mlango unafungwa, anaita jina la Batman. Mimi na kaka yangu tulikuwa tunapiga kelele gemu nzima ila pale tulinyamaza.

Na sauti ya Joker, ile ya Mark Hamill, jamani. Kaka yangu Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, maneno mengi hayajui, lakini kicheko kilikuwa kinamwambia kila kitu, kuna cha kutania, kuna cha hasira, kuna cha mtu mgonjwa anayekohoa. Kwenye Origins alikuwa Troy Baker naye alijitahidi sana. Kevin Conroy aliyekuwa sauti ya Batman alifariki 2022, nikicheza sasa nasikia kama naongea na marehemu.

Said wa Muscat

Asalaam alaykum. Ukitaka jibu la swali la kwanza, kama gemu ina kitu chake, cheza Batman ya studio ya Telltale, hasa msimu wa pili, The Enemy Within, ilitoka 2017 ikaisha 2018. Joker mle si Joker bado. Anaitwa John Doe, katoka Arkham, ni mtu mpweke asiyejua urafiki unavyokuwa, na amekuchagua wewe Bruce Wayne uwe rafiki yake wa kwanza. Anakupigia simu, anakuomba ushauri jinsi ya kuongea na Harley, mwanamke anayempenda, anakuangalia ukisema uongo, anakuangalia ukitimiza ahadi. Na kila unachomjibu kinahesabiwa. Ukimtendea wema na ukweli anakuja kuwa mlinzi wa mji, vibaya vibaya lakini anajaribu. Ukimtumia halafu ukamtupa, anakuwa yule Joker tunayemjua.

Mimi mara ya kwanza nilimdanganya mara nyingi kwa sababu nilijua ni Joker, nikasema huyu mwisho wake najua. Akawa Joker, na akanitajia zile mara nilizomdanganya. Nilikaa kimya muda mrefu yakhe. Mara ya pili nikamtendea kama ningemtendea mtu yeyote, na akawa mwingine. Mwisho wake yuko seli na gemu inakuuliza utaenda kumtembelea au hapana. Nilienda.

Mwajuma_PS4

Kaka Said umenipa kazi ya wikendi hii.

Kisauni_mwisho

@pedi_moja samahani nauliza, mjomba yuko hai? Na Otto mwisho wake wewe ulimchukuliaje, pale juu ya jengo?

pedi_moja

Otto pale juu aliniumiza kwa kitu kimoja, kwamba alishajua Peter ndo Spider-Man na bado alipigana naye. Halafu mikono ikishavunjika anaanza kumbembeleza, sauti inarudi kuwa ile ya maabara, ile ya kwanza kabisa, na hujui kama ni Otto au ni ujanja. Peter anaondoka anamwacha anaita. Mi nadhani Peter alikosea kidogo lakini ningekuwa mimi ningeondoka pia.

Mjomba yupo, asante kwa kuuliza. Kushona aliacha. Cherehani iko kwa binamu yangu sasa, na mjomba anakaa kwenye kile kibaraza kila asubuhi mikono ameiweka mfukoni, anamwambia kata hapa, acha inchi moja, geuza kitambaa, hapana sio hivyo, fumua. Juzi nilipita binamu akaninong'oneza kwamba mzee amemsifia kola. Nikamuuliza kwani alisemaje. Kasema, "Hii hata mimi ningeivaa."